"NIMEKULA NG'OMBE TU"

Kijana wetu unayesoma Seoul, unaturushia picha za mkahawa wa kisasa, jiko katikati ya meza, ukisema: "Nimekula ng'ombe tu."

Kachinjwa na nani? Utasema ni chakula cha Ahlul-Kitaab. Wakorea walio wengi wenyewe wanasema hawana dini!

Na wavu huo uliochomewa samgyeopsal, nyama ya tumbo la nguruwe? Kwetu Mashafi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Uliwaona wakileta udongo?

Usiniambie dharura. Msikiti wa Itaewon upo tangu 1976, na migahawa ya halali iko jirani yake. Samaki wamejaa. Mhudumu hakukuficha kitu, ni wewe hukumuuliza.