Nyungunyungu na Moto wa Shambani

Mkulima wa Mlabani, huko Ifakara, akiisha kuvuna mpunga, pengine huyaona mabua yaliyobaki kuwa taka tu, akayatia moto. Moto humpunguzia kazi, tena hufukuza panya. Hayo ni kweli. Lakini wako watumishi wake ambao moto huo huwanyima nguo na chakula pamoja, nao ni nyungunyungu.

Nyungunyungu hana mapafu. Huvuta hewa kwa ngozi, na ngozi hiyo sharti iwe na unyevu, ikikauka, hufa. Kwa hiyo maisha yake hufuata majira ya mvua. Katika bonde la Kilombero kiangazi huanza yapata mwezi wa Juni, na kadiri udongo wa juu unavyokauka, ndivyo nyungunyungu wanavyopungua. Baadhi hufa. Wengine hushuka chini penye ubaridi, wakajikunja kama fundo ndani ya kishimo kilichopakwa ute, wakalala pasipo kula. Mayai nayo hungoja ndani ya vifuko vidogo.

Mvua zianzapo, mwezi wa Novemba au Desemba, waliolala huamka na kupanda juu, mayai huanguliwa, na mashamba ya mahali pa juu hujaa tena. Lakini bondeni, mafuriko ya Machi hata Mei yakisimama siku nyingi, hewa hupungua udongoni. Ndipo wengi hukimbilia matuta na kingo za majaruba.

Kazi yao si ndogo. Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1881. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za nchi yake udongo upitao matumboni mwao na kuletwa juu kwa mwaka mmoja huzidi tani 10 katika kila ekari. Kipimo hicho si cha Kilombero, lakini kazi ni ile ile: mashimo yao huingiza maji na hewa mizizini, na kinyesi chao ni mbolea.

Huenda mtu akasema, "Majivu nayo ni mbolea." Ndiyo, lakini upepo na mvua ya kwanza huweza kuyachukua, nayo hayaufuniki udongo. Mabua yaliyoachwa huukinga na jua, hata unyevu ukadumu. Kisha huwa chakula cha nyungunyungu waamkapo. Basi ni afadhali mkulima asichome. Na kama hawezi kuacha kabisa mwaka huu, aziache walau kingo na mahali pa juu, maana huko ndiko kimbilio lao.

Mwanafunzi atakaye kuhakikisha jambo hili na achimbe mwezi wa Januari mashimo mawili yaliyo sawa, moja mahali palipochomwa, la pili mahali palipofunikwa mabua. Awahesabu nyungunyungu, awarudishe udongoni, kisha ampelekee baba yake hesabu hiyo kabla ya mavuno, wakati kibiriti hakijawashwa bado.