Mshale mzito si sababu ya kuuza mpunga

Ubaruku, kama kwingine katika bonde la Usangu, gunia la mpunga huwa na bei ya chini wakati wa mavuno, kati ya Mei na Julai, na mwenye ghala anayeweza kuvumilia hungoja Desemba hadi Machi ndipo auze. Hilo halihitaji mtaalamu wa uchumi. Linaloshangaza ni kwamba mfanyabiashara huyo huyo mwenye subira kwa mpunga huweza kukosa subira kabisa kwa kompyuta. Mshale kwenye kioo ukianza kujivuta, kidole kikapita mara mbili tatu bila kuitikiwa, mashine hutangazwa kuwa imekufa, na magunia hutolewa ghalani kwa bei ya Juni ili inunuliwe nyingine.

Huo ni uamuzi mbaya wa fedha, kwa sababu ubovu wa aina hiyo mara nyingi hauko ndani ya kompyuta yenyewe, na ukiwepo, sehemu inayougua ni ndogo na hubadilishwa peke yake.

Hata hivyo tatizo lisidharauliwe. Kompyuta iliyoko katika ofisi ya mashine ya kukoboa si pambo. Ndani yake mna majina ya wakulima na wanunuzi walioacha mzigo ghalani wakisubiri bei, na idadi ya magunia ya kila mmoja. Mshale unaochelewa huweza kuangukia mstari wa jirani, magunia 40 ya mtu mmoja yakafutwa au yakaburutwa kwenye jina la mwingine, na ugomvi ukaja miezi sita baadaye wakati bei imepanda na kila mtu anataka chake. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya fundi na kabla ya duka, ni kuchomeka mausi ya waya, kifaa cha bei ndogo, na kunakili hesabu zote kwenye flashi.

Mausi hayo hayo ndiyo kipimo. Ikiwa mshale unakwenda vizuri kwa mausi, mgonjwa ni kile kibao cha kugusa kilicho mbele ya vitufe, ambacho vijana hukiita tachipedi. Ikiwa mshale unajivuta hata kwa mausi, kibao hakina kosa. Kompyuta nzima imelemewa. Hapo hutazamwa diski iliyojaa, programu nyingi zilizofunguliwa kwa pamoja na, kwa Ubaruku hasa, feni iliyozibwa na vumbi la pumba hadi mashine inachemka na kupunguza mwendo wake yenyewe. Kusafisha feni ni kazi ya fundi ya muda mfupi.

Kibao chenyewe hakifanyi kazi kwa uzito wa kidole, kama wengi wanavyodhani. Chini ya uso wake kuna nyaya nyembamba zenye chaji ya umeme, na kwa kuwa mwili wa binadamu hupitisha umeme, kidole kikikaribia hubadilisha chaji hiyo. Mashine hupima badiliko hilo na kujua kidole kiko wapi. Kampuni ya Apple iliweka kibao cha namna hiyo katika kompyuta zake za PowerBook za mfululizo wa 500 mwaka 1994, na tangu hapo vimeenea hadi vikawa kitu cha kawaida. Anayebonyeza kwa nguvu zaidi kwa sababu mshale umegoma anajichosha bure. Kidole chenye jasho au mafuta, na uso uliotanda vumbi la mashine, huvuruga kipimo hicho. Kompyuta izimwe, ifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, na anayetoka kushika magunia anawe na kukausha mikono.

Chanzo kinachosahaulika kuliko vyote ni umeme. Chaja nyingi huacha mtikisiko mdogo wa umeme, ambao ungepaswa kumezwa na ardhi kupitia mguu wa tatu wa plagi. Penye ekstensheni ya matundu mawili, au penye soketi ya matundu matatu ambayo nyuma yake hakuna waya wa ethi, mtikisiko huo hubaki kwenye mwili wa kompyuta. Kibao kinachotafuta chaji ndogo ya kidole hukosa cha kushika. Mshale hutetemeka, huruka au huzubaa. Kipimo chake ni cha bure: chomoa chaja, tumia betri kwa dakika chache. Mshale ukitulia, kompyuta haina ugonjwa. Dalili nyingine ni mwili wa chuma unaotekenya kidole wakati chaja imechomekwa. Anayeona hivyo abadilishe chaja, na kama hali ni ile ile, aite fundi umeme akague nyaya za nyumba. (Mwenye mashine aliyefunga mota za kukoboa katika jengo lisilo na ethi ana jambo zito zaidi la kufikiria kuliko mshale.)

Yako pia mambo ya mipangilio, ambayo hayahitaji senti. Kasi ya mshale huweza kuwa imeshushwa na mtoto aliyecheza na mashine. Kompyuta nyingi za Windows aidha hukizuia kibao kwa kitambo kidogo mara mtu anapoandika, ili kiganja kisisogeze mshale kwa bahati mbaya. Karani anayeandika tarakimu na kukimbilia kibao huona kimelala. Kwenye mipangilio ya tachipedi wepesi wake wa kuitikia huongezwa na tatizo hilo hupungua. Ubovu ukianza baada ya Windows kujisasisha, programu inayoendesha kibao ifutwe, kompyuta izimwe na kuwashwa, au iwekwe programu kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta.

Lipo jambo moja ambalo subira haifai. Katika kompyuta nyingi za siku hizi betri imelazwa chini ya kibao au kando yake. Betri ya lithiamu ikizeeka, au ikikaa kwenye joto na chaja kutwa kucha, huweza kutoa gesi ndani na kuvimba, ikasukuma kibao kutoka chini. Kibao huinuka upande mmoja, hubonyezeka kwa shida au hakibonyezeki kabisa, na kompyuta ikiwekwa juu ya meza bapa huyumba. Mashine hiyo izimwe, isichajiwe tena, isikandamizwe wala betri isitobolewe. Lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi, na ofisi nyingi za mashine zimepakana na ghala lenye magunia na pumba kavu. Betri ibadilishwe na fundi, na ile ya zamani isirudishwe ofisini.

Ipo sababu ya haki ya kufikiria kompyuta mpya. Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za zamani zisizoweza kupokea Windows 11 zitazidi kuwa hatarini kwa wanaofanya malipo kwa intaneti. Gharama hiyo ipangwe kwa mauzo ya Januari.

Kwa sasa, anayepeleka mashine Rujewa au Mbeya mjini amweleze fundi kile mausi yalichoonyesha na kile kilichotokea chaja ilipochomolewa. Apatane bei kabla kifuniko hakijafunguliwa, aulize kwanza kama ni utepe wa waya wa kibao uliolegea, na adai apewe mkononi kifaa kilichotolewa, isipokuwa betri iliyovimba.