Mwenye Mchoro Ndiye Mwenye Mlango

Majuzi mwanafunzi mmoja wa useremala aliniuliza kama yafaa mchongaji wa Lamu anunue mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Nilimjibu kwamba yafaa. Tangu chuo cha MIT, Marekani, kilipoonyesha ya kwanza ya jamii hiyo mwaka 1952, mashine hizi zimepungua ukubwa na bei, hata leo yaweza kukaa juu ya meza nyumbani, na fundi hodari aweza kuiunda mwenyewe.

Hata hivyo, tusijidanganye. Patasi hudai mkono uliofunzwa kwa miaka. Mashine hudai mchoro tu. Nakshi ya mfaa wa mlango wa Lamu au Siyu ikishaingia katika kompyuta, yaweza kuchongwa popote duniani, na wenyewe wasipate hata senti.

Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016, lakini sheria haimfunzi mtoto kuchora. Kazi hiyo ni yenu, walimu. Mfundisheni mwanafunzi kuibuni nakshi kwa mkono wake kwanza, kisha mpeni mashine. Asiyejua kuchora atabaki kibarua wa michoro ya wengine, hata kama mashine ni yake.