Kisima Kipigwe Picha Kabla ya Kutiwa Mabomba

Wachimbaji wa mafuta siku hizi huchimba huku wakiona. Nyuma ya ncha inayokata mwamba hufungwa vifaa vinavyopima ukinzani wa umeme na mionzi ya mwamba, kisha vipimo hupelekwa juu kwa mapigo ya shinikizo ndani ya tope la kuchimbia. Ndivyo kisima kinavyoweza kulazwa na kufuata tabaka la mafuta bila kulitoka. Kericho na Bomet hatuna mafuta. Hata hivyo, kwa visima vya maji tunaweza kuiga jambo moja: kuukagua mwamba kutoka ndani ya shimo.

Chini ya majani chai ya Kericho kuna fonolaiti, lava ngumu iliyoganda. Maji hupita kwenye nyufa zake na katika sehemu zilizochakaa kati ya mkondo mmoja wa lava na mwingine. Upimaji wa juu ya ardhi, unaotakiwa kabla ya kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, hukisia tu. Turkana ilituonya: mwaka 2013 hifadhi kubwa ya maji ilitangazwa Lotikipi kwa msaada wa picha za rada za setilaiti, baadaye uchimbaji ukakuta maji ya chumvi. Kifaa kikishushwa shimoni kwa waya, pamoja na kamera, huonyesha maji yanaingilia wapi, hivyo bomba lenye matundu likawekwa mahali pake. Na kama kina fulani kina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, kinaweza kuzibwa kwa saruji.

Wapo watakaosema mvua huku haikatiki, visima vya nini? Wakawaulize watu wa Chepalungu, upande mkavu wa Bomet. Hoja ya gharama ina uzito zaidi: vifaa vya kupima wakati wa kuchimba ni ghali mno kwa kisima cha kijiji. Lakini hakuna anayeviomba hivyo. Kifaa cha waya hushushwa baada ya kuchimba, kazi ya saa chache. Ni kweli pia kwamba picha haileti maji kwenye shimo kavu, ila kumbukumbu yake humwepusha mchimbaji anayefuata na kosa lile lile, mradi haikufungiwa kabatini. Kaunti zote mbili ziandike sharti la kupima shimo kwa kifaa hiki katika zabuni za visima. Nawe mwananchi, kisima kikizinduliwa kwenu, omba kuona vipimo vyake kabla utepe haujakatwa.