Mtoto si Tarishi wa Wazazi Walioachana

Watu wengi hudhani ya kuwa talaka humaliza maneno baina ya mume na mke. Sisi waalimu twaona vingine, maana maneno yale yakikosa mahali pa kukaa huingia darasani. Muhula ukifunguliwa mtoto huja hana daftari, aulizwapo hujibu, "Mama amesema nimwambie baba." Juma la pili hujibu, "Baba amesema nimwambie mama." Juma la tatu hajibu neno, hutazama chini. Miaka imepita tangu wazazi wake waachane, nao wangali wakigombana; ila sasa wamepata tarishi wa miaka tisa, wala hawampi ujira. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Neno letu ni hili: aliyemwacha mke hakumwacha mtoto, na aliyeachwa hakupewa ruhusa ya kumnyima mtoto baba yake. Kule kunyamaziana, ambako wao hukuita heshima, si heshima hata kidogo. Ni kiburi, na gharama yake humwangukia asiyekuwa na kosa.

Sheria za Tanzania haziwaungi mkono. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaamuru hakimu atangulize manufaa ya mtoto anapoamua akae na nani. Na aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni afadhali akae na mamaye, isipokuwa yathibitike mengine. Wapo akina baba walioshika ile saba tu. Hukaa kimya miaka sita, hawapeleki hata mche wa sabuni, kisha hutokea mlangoni kudai "mtoto wangu," kana kwamba ni ng'ombe aliyeazimwa. La hasha! Sheria haikunena hivyo. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema ya kuwa mtoto wa walioachana ana haki ya matunzo na elimu ya namna ile ile aliyokuwa nayo kabla hawajatengana, na haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa kwake apendapo, maadamu masomo yake hayaharibiki. Apendapo nani? Apendapo mtoto, si mama akiwa na furaha, wala si baba akiwa na nafasi.

Wengine hujitetea ati serikali imeondoa ada katika shule zake hata kidato cha nne tangu mwaka 2016. Naam, ada imeondoka. Lakini viatu, je? Na sare?

Wala akina mama wasicheke. Wapo wapokeao fedha ya baba, wakamwambia mtoto ya kuwa baba yake hakuleta kitu. Siku atakapoujua uongo huo, mtoto atakuwa amepoteza wazazi wawili.

Twasikia mzee akiuliza: "Waliotalikiana wakisemezana, si watu watasema wamerudiana? Na mke mpya atapataje usingizi?" Watu na waseme. Hatuwaambii wale sinia moja. Twataka wapatane nani atanunua nini, mtoto atalala wapi wakati wa likizo, na nani aitwe akiugua usiku. Kama hawawezi kutazamana, yuko shangazi, yuko mjomba. Wakishindwa hao, yuko afisa ustawi wa jamii. Hata simu zimo mifukoni mwao, nazo hupeleka habari pasipo watu kuonana nyuso. Lakini simu hiyo asipewe mtoto azungumze kwa niaba yao!

Mwisho wa muhula tutawaita wazazi waje watazame alama za watoto wao. Mbele ya meza yetu tutaweka viti viwili kwa kila mtoto. Aonaye vibaya kuketi karibu na mwenziwe, na akivute kando kidogo, lakini aje.