Pua Haina Kike Wala Kiume

Waandishi wenzangu, nina ugomvi nanyi, na nauanza bila salamu ndefu. Chukueni hadithi zetu, zile tunazopitishiana kwa mkono kijiweni na zile chache zinazobahatika kuchapwa. Hesabuni ni mara ngapi binti anaingia ukumbini "akinukia pafyumu ya Paris". Pafyumu gani? Ya ua gani? Mwandishi hajui. Kaisikia kwa mwandishi mwingine, ambaye naye kaisikia kwa mwingine.

Na kijana wa kiume je? Huyo hanukii kitu. Ana suti, ana gari, ana bastola, lakini mwili wake ni kama picha ya kalenda. Kwa nini? Kwa sababu mwandishi anaogopa. Akimpaka ua, washikaji watasema kamfanya mwanamke. Basi anamwacha mkavu, au anampa "manukato makali ya kiume" na kukimbilia sura inayofuata.

Nauliza: nani aliyeligawa ua? Nenda duka lolote la vipodozi, liwe la Kariakoo au la hapa Kilindoni. Chupa zimepangwa kama madawati ya madrasa. Upande huu wanaume: mbao, ngozi, tumbaku. Upande ule wanawake: maua na sukari. Ndimu na chungwa vinazurura katikati kama watoto wa talaka. Mpangilio huo ni wa mfanyabiashara. Akiuza chupa mbili nyumba moja anapata faida kuliko mume na mke wakitumia moja. Hiyo ndiyo siri yote, nasi tumeigeuza kuwa tabia ya maumbile.

Halafu mfanyabiashara huyohuyo anaturudia na habari mpya. Mwaka 1994 kampuni ya Calvin Klein ya Marekani ilitoa CK One, chupa moja kwa mabinti na wavulana. Mafundi wake walikuwa Alberto Morillas na Harry Fremont. Juu waliweka limau na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa sana kusini mwa Italia. Chini yake wakaweka maua, asumini likiwamo. Dunia ikapiga makofi: mapinduzi! Mpaka leo kila kampuni inatoa ya kwake: nyepesi, ya ndimu na maua, ya watu wote, ya msimu wa joto.

Mapinduzi gani, jamani? Hata huko kwao si jambo jipya. Tangu mwanzoni mwa karne ya 18, Mwitaliano Johann Maria Farina alikuwa akitengeneza maji ya ndimu, machungwa na bergamoti katika mji wa Köln, Ujerumani. Yakachukua jina la mji huo kwa Kifaransa: Eau de Cologne. Mabibi walijipaka, majemadari walijipaka. Napoleon alikuwa akijimwagia maji ya namna hiyo kwa wingi, na hakuna askari wake aliyethubutu kumwita binti.

Tuache Ulaya, turudi kwetu pwani. Ingia kwenye maulidi. Mrashi unapita na marashi ya waridi, na anayenyunyiza haulizi jinsia ya bega. Chetezo cha udi kinafukiza kanzu, kinafukiza buibui, makaa ni yaleyale. Bwana harusi anavikwa koja la asumini mbele ya ukoo mzima, vigelegele vikilia. Siku ya Ijumaa mwanamume kuoga na kujitia manukato ni suna. Kuna mzee pwani hii anayeambiwa ananukia kike kwa sababu ya uturi shingoni? Thubutu!

Najua atakuwepo wa kunirukia: mbona dini imemwekea mwanamke mipaka ya kutoka nje akinukia? Ndugu yangu, hilo waulizwe masheikh. Mimi nazungumzia ua. Mpaka wa mahali pa kujipaka ni suala moja. Kusema asumini lenyewe ni la kike ni suala jingine, na hilo la pili tumeletewa dukani.

Sasa hilo la "msimu wa joto". Kwao joto ni la miezi michache, ndiyo maana wanalitengea chupa. Hapa Kilindoni kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, shati linagandana na mgongo kabla ya saa tatu asubuhi. Ikija kusi unapumua kidogo, lakini koti la baridi utalivaa kwa maringo tu. Kwa hiyo tungepaswa kuwa walimu wa somo hili, si wanafunzi. Harufu ya ndimu na chungwa huruka haraka kwa sababu mafuta yake ni mepesi, na joto huyafukuza zaidi. Ua linakaa nyuma. Udi na sandali vinakaa nyuma zaidi. Fundi wa pafyumu anapoweka asumini chini ya limau hafanyi uchawi. Anaweka mwenye mbio mbele na mwenye pumzi nyuma.

Bibi zetu walilijua jambo hilo bila maabara. Asumini halivumilii moto, basi maua yaliachwa yalale ndani ya mafuta ya nazi mpaka mafuta yakaiba harufu. Huko Grasse, Ufaransa, mji uliojulikana kwa manukato kwa karne nyingi, mafundi waliyatandaza maua ya asumini juu ya shahamu ya wanyama kwa sababu hiyohiyo. Kanuni ni moja. Tofauti ni kwamba ya Grasse imeandikwa vitabuni, ya bibi inaitwa mambo ya wanawake jikoni. Nami naishi kisiwa cha minazi!

Na malighafi inatoka wapi? Tazameni kusini, visiwa vya Komoro. Ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani wa mafuta ya langilangi. Maua huchumwa alfajiri, hukenekwa kwa saa nyingi, na mafuta ya mwanzo ndiyo ya daraja la juu. Chanel No. 5, iliyotoka mwaka 1921, ina langilangi ndani yake. Ua linaondoka visiwani kwa watu wanaoswali kama sisi na kuvaa kanzu kama sisi, halafu linaturudia kwenye chupa yenye jina la Kifaransa, nasi tunaliita la kizungu. Kule Wawi, Pemba, kiwanda cha makonyo kimekuwa kikikeneka mafuta ya karafuu na ya mchaichai. Mchaichai unanukia limau pengine kuliko limau lenyewe. Basi hiyo "ndimu na maua" tunayoitamani kwenye tangazo imezunguka ua wa nyumba zetu tangu tukiwa watoto.

Sisemi msinunue chupa ya dukani. Nunueni mkiwa nazo. Ninachodai ni kwenye karatasi. Mwaka 1985 Mjerumani Patrick Süskind alitoa *Das Parfum*, riwaya nzima inayotembea kwa pua, ikasomwa dunia nzima. Sisi tunangoja nini? Kilindoni peke yake ni sura ishirini: dagaa wanaoanikwa, mbata juani, dizeli ya boti iliyotoka Nyamisati, mwani uliotupwa na maji, udi wa usiku wa kuamkia Ijumaa. Nipeni mvuvi anayetoka baharini akinuka chumvi na shombo, anaoga, anajipaka mafuta ya asumini nyuma ya masikio, anakwenda kwa mkewe bila kutazama kushoto wala kulia. Huyo ndiye mwanamume ninayetaka kumsoma. Shombo halikumpa uanaume, na asumini halitamnyang'anya.

Tena hili si suala la chupa tu. Kijana anayeogopa ua ataogopa na chozi, ataogopa kusema "nakupenda" bila kuweka mzaha mbele. Anakuwa mwandishi wa watu wa mbao. Wasomaji wetu wengi ni mabinti, nao wamechoka kubusiwa na mbao.

Kwa hiyo kabla hujaniletea hadithi yako, futa pafyumu ya Paris. Taja ua. Taja mkono uliolichuma na mwili uliolivaa, uwe wa Fatuma au wa Juma. Na wewe utakayesimama kijiweni kusema nawageuza wanaume kuwa wanawake, karibu kwenye toleo lijalo. Lakini uje na hoja. Kicheko tumeshakisikia.