MAZISHI YAKIISHA, WATOTO WABAKI NA NANI?

Ndugu wafanyakazi wa Meru na Embu,

Twaandika habari hii kwa sababu inamhusu kila mwanachama, mwenye watoto na asiye nao. Twataka kusema juu ya watoto wa mfanyakazi aliyekufa. Hatusemi juu ya jeneza, wala hema, wala gari la kuchukua maiti. Katika mambo hayo watu wetu wamejua kusaidiana tangu zamani. Mwenzetu akifa leo katika kiwanda cha majani chai, au katika machimbo ya mawe huko Mbeere, au juu ya pikipiki yake njia ya Maua, kesho kamati imekwisha kukaa, daftari limefunguliwa, na fedha zimeanza kuingia. Hiyo ni heshima yetu na haifai iondoke.

Lakini tazameni yanayofuata. Siku ya mazishi watu ni mamia. Wakubwa husema, nyimbo huimbwa, chakula huliwa. Jioni hema hung'olewa, sufuria huoshwa, viti hurudishwa kwa mwenyewe, na kamati huvunjwa. Jumatatu kila mtu yuko kazini. Katika nyumba ile amebaki mama na watoto watatu au wanne, wala hakuna tena anayebisha hodi. Kwa mtu mzima msiba umepita sehemu yake kubwa. Kwa mtoto ndiyo kwanza waanza.

Wako watu wasemao: "Mtoto husahau upesi. Mpe uji, aende akacheze." Sisi hatukubali. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Watu waliofanya kazi na watoto waliofiwa wametueleza mambo yaliyo wazi, na kila mzazi akifikiri atayatambua. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hajui bado ya kuwa aliyekufa harudi. Atamngoja baba yake langoni kila jioni. Akiambiwa "baba amelala," ataogopa kulala. Akiambiwa "baba amesafiri," atauliza kwa nini hakuagwa, na siku atakapojua kweli hatawaamini tena wakubwa wake. Mtoto wa miaka saba au minane aweza kudhani kwamba mama yake amekufa kwa sababu yeye alikuwa mtundu, au alisema neno baya siku ile, na jambo hili hamwambii mtu. Kijana wa miaka kumi na mitatu hunyamaza, akajifanya baba wa nyumba, akaacha shule kwenda kutafuta kibarua cha kuchuma miraa au kupakia mchanga. Wengine hukojoa kitandani, wengine hupigana shuleni, wengine huumwa na tumbo na daktari haoni ugonjwa. Mwalimu asiyejua humwita mtukutu. Jirani asiyejua husema amerogwa. Kumbe mtoto amefiwa, basi.

Dawa ya mambo haya haitoki duka la dawa, wala si ya gharama kubwa. Kwanza, mtoto aambiwe kweli kwa maneno mepesi: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na si kosa lako. Pili, kama ataka kwenda mazishini aende, akishikwa mkono na mtu mzima anayempenda. Tatu, aachwe alie, na akiuliza swali lile lile mara kumi ajibiwe mara kumi. Nne, akutane na watoto wengine waliofiwa, ili ajue kwamba hayuko peke yake duniani. Na zaidi ya yote, awepo mtu yule yule anayerudi kumwona mwezi hata mwezi. Hapo ndipo tunaposhindwa wengi wetu katika nchi, kwa maana kurudi ni kazi ngumu kuliko kuchanga.

Nchi yetu si ngeni wa msiba. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952 hadi 1960, nyumba nyingi za Meru na Embu zilibaki bila baba, wengine wameuawa, wengine wamo vizuizini. Wazee walio hai leo walikuwa watoto wakati ule, na wengi wao hawakuulizwa hata mara moja walichokiona. Halafu ukaja ukimwi. Mpaka ulipofika mwaka wa 2006, dawa zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za serikali, Kenya ilikuwa na mayatima wa ugonjwa huu zaidi ya milioni moja. Na barabara zetu hazijaacha kuua. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka upande wa Meru lilianguka kutoka daraja la Nithi, hapo baina ya Meru na Embu, na watu zaidi ya 30 wakafa. Magazeti yalihesabu maiti. Hesabu ya watoto waliobaki nyumbani wakingoja haikuandikwa ukurasa wa kwanza.

Sasa tuulize: ni mlango gani ulio wazi kwa nyumba kama hizo? Uko mmoja, nao wastahili kujulikana na kila mwanachama. Ni hospisi. Hospisi ya kwanza katika Kenya ilianzishwa Nairobi mwaka wa 1990, na leo twazo Hospisi ya Meru na Hospisi ya Embu-Mbeere. Wengi hudhani hospisi ni mahali pa kupeleka mgonjwa wa saratani afe. Sivyo. Wauguzi wa hospisi humfuata mgonjwa hata nyumbani, humpunguzia maumivu, hukaa na mke, mume na watoto wake kabla ya kifo, na kazi yao haikomi siku ya kifo. Kuwaliwaza waliofiwa ni sehemu ya kazi yenyewe, wala si sadaka ya ziada.

Lakini fikirini shida iliyopo. Aliyekufa kwa saratani watu wake huenda wamekwisha kujuana na muuguzi wa hospisi. Dereva aliyekufa ghafla barabarani, au kibarua aliyefunikwa na udongo machimboni, hakuugua, hakupelekwa hospisi, na watoto wake hawajui mlango huo uko wapi. Wala hospisi haina fedha nyingi. Huishi kwa michango ya watu kama sisi. Kwa hiyo twasema: mahali pa kuwaliwaza watoto na jamaa waliofiwa pasiwe kwa ajili ya kifo cha ugonjwa tu. Mji wa Meru na mji wa Embu, kila mmoja unahitaji chumba, mtu aliyefundishwa kazi hii, na siku maalumu katika juma ambapo mtoto yeyote aliyefiwa aweza kuletwa, bila kuulizwa mzazi wake alikufaje wala ana fedha ngapi.

Watu wa mahali pengine wameonyesha kwamba yawezekana. Huko Uganda, katika miaka ya 1990, kina mama wa chama cha NACWOLA, wenye virusi vya ukimwi, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: umezaliwa wapi, babu yako alikuwa nani, jambo gani ulilifanya nikacheka. Daftari la shule na kalamu, ndiyo gharama yake. Huko Nshamba, mkoa wa Kagera, Tanzania, mradi uitwao Humuliza uliwafundisha walimu namna ya kukaa na yatima, na mayatima wenyewe wakaunda chama chao, wakakiita Vijana Simama Imara, wakichagua viongozi wao na kusaidiana. Sikilizeni hayo, ndugu wa chama: watoto walifanya kama tufanyavyo sisi. Na huko Marekani, katika mji wa Portland, tangu mwaka wa 1982 kiko kituo kiitwacho Dougy Center ambako watoto waliofiwa hukaa pamoja, hucheza na kuzungumza, mkubwa akiwasikiliza. Njia hiyo imeigwa katika nchi nyingi.

Tusisahau tumbo. Mtoto mwenye njaa haliwazwi kwa maneno. Hapa chama kina kazi yake iliyo wazi, kwa kuwa yako mambo ambayo ni haki wala si hisani. Kwa sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya wanaoumia kazini, mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, wanaomtegemea wanastahili fidia ya mshahara wa miezi 96. Madai hayo lazima yapelekwe kabla miezi 12 haijapita tangu siku ya kifo. Mshahara na fedha nyingine alizokuwa akidai marehemu ni mali ya warithi wake. Akiba yake ya NSSF ni yao pia, na iko fedha ya mazishi. Tena serikali, kwa mpango ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2004 kwa ajili ya yatima, imekuwa ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba zilizoandikwa. Lakini mjane aliye katika kilio hajui ofisi wala fomu. Mwezi wapita, miwili yapita, cheti cha kifo hakijachukuliwa, shemeji amekwisha kuchukua ng'ombe, na mwaka umekwisha. Tajiri hatakuja nyumbani kumkumbusha.

Tazameni basi: miezi 12 ya sheria ndiyo miezi ile ile ambayo mtoto ahitaji mtu wa kurudi kumwona. Kazi hizi mbili zaweza kufanywa na mtu mmoja kwa safari moja. Anayekwenda kumsaidia mama kujaza fomu akae pia na watoto nusu saa, aulize habari za shule.

Wako watakaosema hii ni kazi ya kanisa. Kanisa lafanya, na twalishukuru. Hospitali za misheni kama Chogoria na Maua zimebeba mzigo mkubwa katika nchi hii. Lakini mfanyakazi si wa kanisa moja, na wengine hawana kanisa. Wako watakaosema ni kazi ya serikali. Ni kweli, na serikali za kaunti ndizo zenye madaraka ya afya tangu mwaka wa 2013. Twazitaka ziweke mtu wa kazi hii katika hospitali zao kubwa. Lakini asiyechanga hata senti hana sauti ya kudai. Na wako watakaosema hii ni desturi ya kigeni. Hao twawajibu hivi: watu wa Meru na Embu humpa mtoto jina la babu au nyanya yake ili jina la mtu lisipotee. Ikiwa jina la marehemu latunzwa namna hiyo, itakuwaje mwanawe aliyeachwa asitunzwe?

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matano, yajadiliwe katika kila tawi:

1. Kamati ya mazishi isivunjwe kaburini. Ikae miezi 12. Watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wachaguliwe kwenda katika nyumba ile kila mwezi.

2. Katika kila mchango wa mazishi itengwe sehemu kwa ajili ya watoto kabla hema halijakodiwa. Jeneza la bei nafuu lazika sawasawa na la bei kubwa.

3. Kila mwanachama atoe shilingi 20 kwa mwezi. Tuseme tawi lina watu 200: hizo ni shilingi 4,000 kwa mwezi, yaani shilingi 48,000 kwa mwaka. Nusu isaidie watoto wa tawi, nusu ipelekwe kwa hospisi ya Meru au ya Embu ili ifungue mlango kwa watoto wa kila aina ya kifo. Haba na haba hujaza kibaba. Hesabu isomwe hadharani kila mkutano.

4. Katika mapatano na waajiri tudai siku za mapumziko yenye malipo kwa mfanyakazi aliyefiwa na mke, mume, mtoto au mzazi. Mama aliyezika mumewe Jumamosi asisimame kwenye mashine Jumatatu huku watoto wamefungiwa nyumbani.

5. Walimu, nao ni wafanyakazi wenye vyama vyao, waombwe kuwa pamoja nasi. Mwalimu mmoja katika kila shule afundishwe na watu wa hospisi namna ya kumtambua mtoto aliyefiwa na namna ya kusema naye.

Hakuna katika haya jambo lisilowezekana. Twajua mishahara ni midogo na vitu ni ghali. Lakini twajua pia ya kuwa kila mmoja wetu apandapo matatu asubuhi, au ashukapo machimboni, huacha watoto nyuma. Chama kilianzishwa ili mnyonge asisimame peke yake mbele ya tajiri. Mtoto wa mwenzetu aliyekufa ni mnyonge kuliko sisi sote, na yeye hana kadi ya uanachama. Kadi yake ni ile ya baba yake au mama yake, na malipo yake yamekwisha kulipwa.

Makatibu wa matawi, lisomeni jambo hili kwa sauti katika mkutano ujao, likateni shauri, mkatuletee majibu. Msituandikie ya kuwa mmelipokea tu. Twataka majina ya wale wawili watakaokwenda.

Umoja ni nguvu.